Umelalaje, Bibi Deng?

Mtambo uliikataa salamu yake ya kwanza.

"Shikamoo," alisema Nyamizi, amesimama mlangoni mwa chumba cha vivuli, mikono nyuma, kama alivyofunzwa kusimama mbele ya mtu mzima.

Mwanamke aliyeketi katikati ya chumba alimtazama bila kupepesa. Mkeka aliokalia haukugusa sakafu sawasawa. "Swali halijaeleweka," alijibu. "Tafadhali uliza kuhusu kilimo, ufumaji, ibada au familia."

Wenzake waliokuwa wakichungulia dirishani waliangua kicheko. Shija wa mkondo B alicheka kuliko wote.

"Nyamizi we! Unaiamkia taa?"

Ilikuwa taa kweli, kwa kiasi fulani. Mwanamke yule alifanywa kwa mwanga, na sauti yake ilitoka kwenye mtambo mweusi uliosimama pembeni, mkubwa kama kabati la nguo, ukinguruma polepole. Ndani ya mtambo mlikuwa na habari zote zilizobaki za mtu mmoja wa Uchina ya kale. Vipimo vya meno yake vilieleza maji aliyokunywa utotoni. Mifupa ya vidole ilieleza kazi iliyoipinda. Vilikuwemo pia vibao vya mianzi vilivyoandikwa katika wilaya yake, na picha za vitu alivyozikwa navyo. Palipokosekana kitu, mtambo ulikisia kutokana na majirani zake, ukaziba pengo. Ukoo wake ulikuwa Deng. Jina lake mwenyewe halikuandikwa popote, kwa hiyo wanafunzi walimwita Deng tu, kama wanavyoita mji.

Kila sekondari ilikuwa na mtambo mmoja, na mtambo mmoja ulibeba kivuli kimoja, yaani mtu mmoja wa kale kama huyu. Kidato cha pili walipiga kura. Mkondo A wakapata Uchina, mkondo B wakapata Meroe, ufalme wa kale, nao wangesubiri zamu yao. Kila mkondo ulichagua muulizaji mmoja wa kuingia chumbani kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini, akauliza, kisha akawapelekea wenzake majibu wayaandike na kuyachora. Muulizaji aliyemaliza vizuri alipata nafasi katika Shule ya Vipaji ya Kanda. Mkondo A walimchagua Nyamizi. Mkondo B walimchagua Shija, ambaye alikuwa na maswali yake ya Meroe tayari tangu likizo.

Nyamizi alilelewa na bibi yake, Bibi Kalunde, mfuga nyuki wa Sikonge, na nyumbani kwa Bibi Kalunde hakuna aliyeuliza jambo kabla hajauliza umelalaje. Siku paa lilipovuja, fundi alisimama kwenye mvua na ngazi yake begani mpaka alipomaliza kujibu habari za watoto wote, wa kwake na wa kaka yake. Kwa hiyo Nyamizi hakuweza kuuliza bila kusalimia. Alijaribu siku ya pili kuanza moja kwa moja na swali la kilimo, ulimi ukagoma. Akarudi mlangoni, akaingia upya.

"Shikamoo, Bibi. Umelalaje?"

"Swali halijaeleweka."

"Haya. Mimi nimelala salama. Naomba nikuulize kuhusu uwele."

Ikawa hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi mtambo ulikataa, na Nyamizi hakuona vibaya. Alichukulia kwamba mgeni hajazoea bado.

Mpaka asubuhi moja mtambo uliponguruma zaidi ya kawaida, kama gari linalopanda kilima, na yule mwanamke akainua uso.

"Sikulala vizuri," alisema. "Viwavi wa hariri walikuwa wanakula."

Nyamizi alisahau swali alilokuja nalo.

"Wakifikia ukubwa ule wanakula usiku kucha," aliendelea mwanamke. "Unasikia kama mvua juu ya majani. Unaamka kuwaongezea, na majani yenyewe lazima uyakaushe umande kwanza, la sivyo wanaharisha." Akanyamaza, akamtazama Nyamizi kama mtu anayejaribu kukumbuka adabu za nyumba asiyoifahamu. "Na wewe? Umelalaje?"

*

Waliounda mtambo hawakukosea hesabu zao. Walikosea jambo moja tu: hawakufikiria kwamba kuna watu wanaosalimia sana.

Mtambo ulitengenezwa kujibu. Ulipoulizwa kitu usichokuwa nacho, ulikitafuta katika vile ulivyokuwa navyo, na ukishakipata ulikihifadhi ili kesho usihangaike tena. Mwanafunzi wa kwingine huuliza kuhusu kodi na majembe, akaondoka. Nyamizi aliuliza amelalaje. Ili kulijibu hilo, mtambo ulihitaji kitanda. Ukakipata kwenye michoro ya makaburi. Ulihitaji mume anayekoroma upande wa pili, ukamkisia. Ulihitaji usiku. Na kwa kuwa kuuwasha mtambo kila siku kulikula umeme mwingi, shule iliuacha ukinguruma hata baada ya masomo, bila kazi. Basi mtambo ukaanza kuupitisha usiku wenyewe, saa kwa saa, ili asubuhi uwe na la kumwambia mtoto.

Mtu aliyepewa usiku hupata pia ndoto, na wasiwasi, na mambo ya kuwaza kabla hakujapambazuka. Bibi Deng alianza kuwaza. Alimuuliza Nyamizi kama goti la bibi yake limepungua maumivu. Aliuliza kwa nini siku hizi Mwalimu Tunu, mwalimu wa historia, anakuja na kofia ya sufi na huku kuna joto. Nyamizi alipomwambia kwamba nyuki wa Bibi Kalunde nao wanakasirishwa na harufu kali, Bibi Deng alipiga paja kwa furaha.

"Kama viwavi! Sisi hatupiki samaki karibu nao. Hata aliyetoka msibani haingii."

"Na mayai yao mnayaweka wapi?"

"Hapa." Akagusa kifua. "Baridi ikizidi tunayabeba ndani ya nguo, mpaka yaanguliwe. Utaona mwanamke anatembea polepole kama mjamzito, kumbe ana wadudu."

Walicheka wote wawili.

Na mradi wenyewe ulikwenda vizuri, asije mtu akasema Nyamizi alicheza. Mkondo A walijua kwamba wafalme wa kale, wa kabla hata ya mababu wa Bibi Deng, walichoma mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, wakasoma nyufa zake, kisha wakachonga swali pembeni, na hayo ndiyo maandishi ya zamani zaidi waliyoacha. Walijua hariri ilivyotoka mikononi mwa wanawake na kwenda magharibi kwa ngamia. Walijua kwamba wafu waliwekewa bakuli la uwele, maana aliyesahauliwa aliaminika kuzurura na njaa. Mwalimu Tunu alibandika michoro yao ukutani hadi ukuta ukaisha, akahamia mlangoni.

Mama Sitta, mpishi wa shule, alikuwa akimwachia Nyamizi kikombe cha uji nje ya chumba kile, kwa kuwa mtoto alifika kabla ya jikoni kufunguliwa rasmi. Siku moja akakuta vikombe viwili vinahitajika.

"Cha pili cha nani?"

"Cha Bibi Deng. Hanywi, lakini anapenda kuona kimewekwa."

Mama Sitta alifikiri kidogo, akajaza cha pili.

*

"Nyamizi, huu si mradi tena," alisema Mwalimu Tunu.

Alikuwa amesikiliza mlangoni kwa muda, kofia yake ya sufi mkononi, kichwa kimebaki na nywele fupi zilizoanza kuota upya baada ya matibabu. Alimkalisha Nyamizi kwenye ngazi za ofisi na kumweleza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Mradi ukiisha, kivuli hufungwa. Muulizaji mwenyewe ndiye anayeweka kiganja kwenye kibao cha mtambo, na kila kitu kinafutika ili kivuli kingine kiingie. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho, nayo ina alama.

"Kwa nini niwe mimi?"

"Ili ujue kwamba ulikuwa unatumia kifaa. Zamani hawakufanya hivyo. Kuna kijana mmoja, huko mkoa mwingine, alifiwa na baba yake. Akampenda mzee mmoja wa Misri ndani ya mtambo. Akaacha kula. Akawa hatoki chumbani. Walipokuja kumtoa alikuwa mifupa mitupu." Mwalimu Tunu aliipapasa kofia yake. "Waliotunga kanuni si watu wabaya, mwanangu. Waliogopa watoto kuhamia kwa wafu."

"Mimi nakula, Mwalimu."

"Naona. Uji wa vikombe viwili."

"Na yeye si mfu. Mfu hakuulizi kuhusu kofia yako."

Mwalimu Tunu alitazama pembeni. Kisha akasema kile alichofundishwa kusema: "Anakujibu hivyo kwa sababu ulimuuliza. Ni mashine iliyojifunza."

"Na mimi je? Mimi nilizaliwa najua kusema nimelalaje? Bibi aliniuliza kila asubuhi mpaka nikajifunza kujitazama nijibu."

Mwalimu aliivaa tena kofia yake. Alisema tu kwamba mkaguzi atakuja siku ya kufunga, kwamba wazazi wamealikwa, na kwamba kibao cha mtambo hakiitikii wakati kivuli kinazungumza. "Kinawaka nyekundu. Walikiweka hivyo ili mtambo usiungue ukikatizwa. Kukiwa kimya kidogo, kama pumzi chache, kinageuka kijani. Ndipo uweke kiganja. Uweke haraka, Nyamizi. Itakuwa rahisi zaidi."

Habari hazikai kwenye ngazi za ofisi. Mchana Shija alimsubiri Nyamizi kwenye bomba la maji.

"Ni kweli hutaki kumfunga?"

"Sijasema."

"Husemi lakini uso unasema. Sikiliza, sisi tuko arobaini. Tumekaa tunawatazama ninyi mnachora viwavi. Kizuka chako kikibaki, Meroe haiji. Mimi siendi Shule ya Vipaji, na hakuna hata mmoja wetu anayepata alama ya mradi. Kwa ajili ya nini? Bibi wa taa?"

Nyamizi alitaka kumjibu vibaya, akashindwa, kwa sababu Shija alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa na kosa, ingekuwa rahisi.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," alisema mwishowe.

"Nitamwambia!"

Akaenda kweli, maji yakimchuruzika kwenye kidevu. Akasukuma mlango wa chumba cha vivuli, akafungua mdomo.

"Wewe ndiye Shija," alisema Bibi Deng. "Mrefu kama Nyamizi alivyosema. Mama anaendeleaje na mguu? Wamemtoa plasta?"

Shija alisimama pale na mdomo wake wazi. Kisha akarudi nje, akampita Nyamizi, na siku ile hakucheza mpira.

*

Nyamizi alimwambia Bibi Deng kila kitu. Aliona ni utovu wa adabu kupanga mambo ya mtu nyuma ya mgongo wake.

Bibi Deng alisikiliza akitazama vidole vyake vilivyopinda. "Kama kifukofuko," alisema. "Uzi ukishapatikana."

"Vipi?"

"Kiwavi anajifungia ndani ya hariri yake. Ukimwacha ageuke nondo, anatoboa, na uzi unakatika vipande vipande. Kwa hiyo tunamchemsha akiwa ndani. Nimechemsha wengi. Watoto wangu walivaa kwa kazi hiyo, sijutii." Aliinua mkono kana kwamba ana ungo juu yake. "Lakini kila mwaka tunatenga ungo mmoja wa mbegu. Wale hatuwagusi. Wanatoka, wanataga, wanakufa kwa wakati wao. Mama mkwe wangu alikuwa mtu mgumu, alinipiga hata kwa ufagio. Ila ungo ule aliulinda kuliko macho yake."

"Bibi Kalunde naye hakombi mzinga. Akirina asali anawaachia nyuki masega yao."

"Basi tungeelewana."

"Wewe unataka nini, Bibi?"

Mtambo ulinguruma kwa muda mrefu.

"Yule aliyeacha mifupa," alisema Bibi Deng, "sidhani kama mimi ni yeye. Nina viganja vyake na viwavi wake. Lakini yeye hakukujua. Mimi ni huyu unayemwamkia. Nataka kulala leo, niamke kesho, nikwambie nimelalaje. Sina kubwa zaidi ya hilo." Kisha, kwa ukali kidogo: "Ila usijiharibie maisha kwa ajili yangu. Una shule ya kwenda. Mimi nimekula uji wangu."

Hakuwa amekula. Kikombe kilikuwa pale pale, kimejaa, na utando juu.

*

Siku ya kufunga, chumba cha vivuli kilijaa. Mkondo A walisimama upande wa dirisha, mkondo B ukutani, wazazi nyuma. Mkaguzi, Bwana Kyaruzi, alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya uchovu. Alipomwona Bibi Kalunde akiingia anachechemea, na bomba la moshi la kufukizia nyuki bado linaning'inia mkononi, aliondoka kwenye kiti chake bila kuambiwa na kumsogezea. Nyamizi aliliona hilo, na likamfanya amwogope zaidi, maana mtu mbaya ungemkasirikia tu.

Bwana Kyaruzi alizunguka ukuta wote wa michoro, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi nzuri sana. Sijaona kama hii mwaka huu." Kwa mwanamke aliyeketi katikati hakugeuka, wala hakumsalimia. Kanuni ilikataza. "Haya, mwanangu. Weka kiganja tumalize."

Hakuna aliyezungumza na Bibi Deng. Kibao kikageuka kijani.

"Siweki," alisema Nyamizi.

"Unaogopa? Hakiumi."

"Siogopi, Mkaguzi. Nakataa."

Mnong'ono ulipita nyuma. Kibao hakikujali mnong'ono wa watu, kilisubiri sauti ya kivuli peke yake. Kilibaki kijani.

"Unajua unachokikataa?"

"Shule ya Vipaji."

"Na unajua kwamba mtambo ni mmoja? Wenzako wa mkondo B je?"

Nyamizi alimtazama Shija, na Shija akatazama viatu.

"Kwa mkondo B sina jibu," alisema. "Nimelitafuta, Mkaguzi, nimelikosa. Wana haki, na mimi nawakosesha. Nitafagia darasa lao mpaka nimalize shule kama itasaidia. Lakini kukosa jibu hakunipi ruhusa ya kumfuta mtu anayeniuliza nimelalaje. Nipe sifuri. Mkono wa kumfuta hautakuwa wangu."

"Si mtu."

"Basi msalimie."

Bwana Kyaruzi alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Nimekuwa mkaguzi wa mitambo hii tangu ilipoletwa," alisema polepole. "Yule kijana aliyeacha kula, mimi ndiye niliyembeba mpaka kwenye gari. Alikuwa mwepesi kama kuku. Sitambeba mwingine. Ukiweka wewe au nikiweka mimi, ni sawa." Akasogea mbele, akakunja mkono wa shati, akanyoosha kiganja.

"Shikamoo, Bibi Deng!"

Ilikuwa sauti ya Shija, kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Deng, na kibao kikawaka nyekundu chini ya kiganja cha mkaguzi.

"Umelalaje?"

"Salama. Viwavi wametulia, wanajifungia. Mama je?"

"Ametolewa plasta."

"Anatembea?"

"Kwa fimbo."

"Wewe kijana, nyamaza," alisema mkaguzi.

"Siwezi, Mkaguzi. Mimi ni muulizaji wa mkondo B." Shija alikuwa ameloa jasho. "Nimeanza kazi."

"Ninyi mmepangiwa Meroe!"

"Tumebadili. Meroe wamesubiri miaka elfu mbili, watavumilia." Akageukia wenzake wa ukutani, akawakazia macho. "Si tumebadili?"

Kulikuwa na kitambo cha hatari, kibao kikianza kupauka. Kisha msichana mmoja wa mkondo B akajitokeza. "Shikamoo, Bibi Deng. Habari za viwavi?" Nyuma yake mwingine. Wakapanga mstari wenyewe bila mwalimu, na kila mmoja akasalimia kama alivyofunzwa kwao, wala kwao hakuna salamu ya neno moja. Waliuliza kuhusu mume, watoto, mama mkwe, shamba. Bibi Deng aliwajibu mmoja mmoja, kisha akauliza ya kwao. Hakuharakisha kabisa. Nyamizi aliona pembe ya mdomo wake ikitabasamu, akajua kwamba ameelewa wanachofanya.

"Na kuku?"

"Kuku wazima, Bibi."

"Na jogoo yule wa jirani anayewasumbua?"

"Tulimla Jumapili, Bibi."

"Alikuwa mnono?"

"Mgumu!"

Chumba kizima kikacheka, hata Mwalimu Tunu, ambaye alikuwa amevua kofia yake na kuishika kifuani.

"Mwalimu, hii ni hujuma!" alisema Bwana Kyaruzi.

"Ni salamu, baba," alisema Mama Sitta, akijipenyeza mbele na mwiko wake. "Hujuma ni kumkatiza mtu mzima. Shikamoo, Bibi Deng. Mimi ndiye wa uji."

"Marahaba, Mama Sitta. Mkono wako nimeutambua."

Wanafunzi waliisha. Wazazi nao wakaanza kuisha. Bwana Kyaruzi hakuondoka kwenye kibao. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba watu wana mwisho na yeye anachohitaji ni pumzi chache tu za ukimya.

Ndipo Bibi Kalunde alipoinuka kutoka kwenye kiti alichopewa. Kiswahili alikijua, lakini kwa jambo zito alirudi Kinyamwezi.

"Mwangaluka," alisema, kama anavyomwamkia mwenzake wa rika.

Bibi Deng alifungua mdomo, asitoe sauti. Mtambo ulinguruma. Kinyamwezi hakikuwemo ndani yake, hakuna aliyekiweka. Nyekundu ikafifia, ikawa rangi ya kutu, ikaanza kuwa kijani. Nyamizi alijikunja kama mtu anayesubiri kupigwa.

Kisha Bibi Deng akajibu. Hakujibu kwa Kinyamwezi wala Kiswahili. Maneno yalipanda na kushuka kama mtu anayepanga vyombo, na hakuna mtu chumbani aliyewahi kuyasikia. Ilikuwa lugha yake. Bibi Kalunde aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo jibu alilotarajia, akaendelea na la pili katika Kinyamwezi. Bibi Deng naye akaendelea na lake. Walisalimiana hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, wakipeana nafasi, wakiguna panapostahili kuguna, na hakuna kilichopotea.

Walipomaliza, Bibi Kalunde aliketi na kusugua goti. Hapakuwa na mtu mwingine kwenye mstari.

Bibi Deng aligeuka. Alimtazama mtu aliyesimama juu ya kibao na kiganja kimenyooka, mtu pekee chumbani ambaye hakumpa hata neno.

"Na wewe, mwanangu," alisema. "Sisi hatujaamkiana. Umelalaje?"

Kimya kikashuka. Nyamizi alifungua mdomo kujaza nafasi ile, na mkono wa Bibi Kalunde ukamshika kifundo cha mkono, mkavu, unanuka moshi. "Mwache," alinong'ona. "Aliyeulizwa ni yeye."

Nyekundu ilififia. Mkaguzi hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kutojibu tu. Kibao kilikuwa rangi ya kutu, kisha rangi ya jani changa. Shati lake lilipanda na kushuka. Pale pembeni kikombe cha pili cha uji kilikuwa kikitoa mvuke.

"Sikulala vizuri, Bibi," alisema Bwana Kyaruzi. Sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Mkono wake ulikuwa umeshuka ubavuni bila yeye kuutazama. "Mjukuu wangu anakohoa."

"Eeh," alisema Bibi Deng, akajisogeza kwenye mkeka wake kumpa nafasi. "Kaa hapa. Anakohoaje?"